Reli Ikiondoka, Njia Ibaki

Mhadhara kwa walimu na wanafunzi wa jiografia, Tanga



Niruhusuni nianze na mtu aliyenifundisha kutembea juu ya reli. Babu yangu mzaa mama alikuwa mtu wa genge katika njia ya Tanga kwenda Moshi. Kila alfajiri alibeba nyundo ya mpini mrefu, spana, na bendera mbili, nyekundu na kijani, akakikagua kipande chake kwa miguu, taruma kwa taruma. Aligonga chuma kisha akasikiliza. Kilichokaza kililia sauti nyembamba kama kengele ya shule. Kilicholegea kililia kama debe tupu. Siku za likizo alinichukua. Hatua yangu ya utotoni ilitosha taruma moja hadi jingine. Yeye ilimbidi aivunje hatua yake, maana taruma moja ni fupi kwa mtu mzima na mawili ni marefu. Miaka arobaini alitembea hivyo, kwa hatua isiyokuwa yake.

Na hakuwa peke yake. Juu ya tuta lile walipita wanafunzi wakienda shule, kina mama na vichanja vya ndizi, mzee na baiskeli yake ameikokota. Treni ilipita dakika chache tu kwa siku. Saa zote zilizobaki reli ilikuwa ya waendao kwa miguu.

Nimewaletea picha hiyo kwa sababu ninalotaka kulisema leo linaonekana jipya, na kumbe ni la siku nyingi. Duniani kote kuna reli za milimani ambazo treni zimezihama. Nyingine zimemezwa na msitu. Nyingine zimegawanywa viwanja. Na nyingine zimegeuzwa njia za kutembea, watu wanapanda milima kwa miguu pale palipopita mabehewa. Nitasema kwamba katika reli kuna mali mbili, chuma na njia, na kwamba mali kubwa ni njia. Chuma kinaweza kung'olewa leo na kununuliwa kingine kesho. Njia ikishakatwa vipande, kuiunganisha upya ni kazi inayowashinda hata matajiri.

Kwanza tuulize: kwa nini reli ya mlimani inamfaa mtembeaji kuliko barabara nyingine yoyote?

Jibu liko kwenye gurudumu. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma linaviringika kwa wepesi na linateleza kwa urahisi. Ndiyo maana treni huvuta mzigo mkubwa kwa nguvu kidogo katika tambarare, na ndiyo maana hushindwa mapema mlimani. Njia ya reli ya kawaida ikipanda mita 25 kwa kila mita 1,000, mhandisi tayari ameanza kukuna kichwa. Njia ya wenyeji hupanda mlima moja kwa moja, kifua wazi, kwa sababu mguu una vidole vya kushikilia. Reli haiwezi. Inalazimika kuubembeleza mlima: inauzunguka, inachimba ubavu wake, inapenya tumboni mwake kwa handaki, inavuka makorongo kwa daraja. Kila mita ya mwinuko imepimwa na kulipiwa.

Treni ikiondoka, ubembelezi ule unabaki ardhini. Bibi mwenye magoti mabovu, mtoto wa miaka sita, mtu anayesukumwa kwenye kiti cha magurudumu, wote wanaweza kufika mahali ambapo bila reli wangefika vijana wenye mapafu tu. Mapafu yao waliazimwa na watu waliokufa zamani, waliochimba mwamba kwa sururu na baruti.

Sasa niwapeleke kwenye mlima mmoja ninaoujua kwa miguu yangu. Ni kipito cha Usui nchini Japani, kaskazini magharibi ya Tokyo. Chini kuna stesheni ya Yokokawa, mita 387 juu ya usawa wa bahari. Juu kuna Karuizawa, mita 939. Kati yao ni kilomita 11 na kidogo. Walimu wa jiografia mmeshaanza kupiga hesabu: ni mita 552 za kupanda katika umbali ambao treni ya kawaida isingethubutu. Sehemu kali kabisa ilipanda mita moja kwa kila mita 15.

Ujenzi ulianza mwaka 1891 na njia ikafunguliwa mwezi wa Aprili 1893. Watu wa Tanga, mwaka huo uandikeni. Ni mwaka uleule ambao hapa kwetu Wajerumani walianza kujenga reli ya kuelekea Usambara. Milima miwili, pembe mbili za dunia: kule sururu zimemaliza, huku zinaanza kupigwa.

Ili kuushinda mwinuko ule, Wajapani walitumia ubunifu wa mhandisi wa Uswisi, Carl Roman Abt. Katikati ya reli mbili za kawaida walilaza mabamba matatu ya chuma yenye meno kama ya msumeno, meno ya bamba moja yamepishana na ya jirani yake. Chini ya kichwa cha treni kulikuwa na gurudumu la meno lililouma yale mabamba, hivi kwamba wakati wowote kulikuwa na jino lililoshika. Treni ilipanda mwendo wa mtu anayekimbia taratibu, kichwa kikisukuma kutoka upande wa chini ili behewa lisije likarudi nyuma. Kwetu Afrika Mashariki, wajenzi wa reli ya Uganda walipofika ukingo wa Bonde la Ufa pale Kikuyu, waliteremsha mabehewa kwa kamba za chuma mpaka njia ya kudumu ilipokamilika. Kila mlima ulidai akili yake.

Usui ulidai mahandaki 26 na madaraja 18, na ulidai watu. Zaidi ya wafanyakazi 500 wanakumbukwa kuwa walikufa katika ujenzi ule, wengine kwa kipindupindu. Yote yalikamilika katika muda wa chini ya miaka miwili. Mwendo huo una bei yake, na waliolipa ni wale ambao majina yao hayakuchongwa juu ya daraja.

Nilianza kutembea Yokokawa asubuhi ya vuli, ukungu haujapanda bado. Kipande cha kwanza kimewekwa lami na reli zenyewe zimeachwa zionekane, mistari miwili ya chuma inayokutangulia. Karibu na stesheni nilisimama juu ya mfereji wa maji ya mvua, nikatazama kifuniko chake, nikainama. Kilikuwa kipande cha yale mabamba ya meno. Kile kilichouvuta mlima mzima kwa miaka 70 sasa kinazuia majani yasizibe mtaro. Nilikigusa. Meno yamelika upande mmoja tu, upande wa kupandia.

Mbele kidogo kuna majengo mawili ya matofali mekundu, yalikokuwa mitambo ya umeme ya Maruyama. Umeme ulikuja mwaka 1912, na sababu yake ilikuwa moshi. Fikirini kichwa cha makaa kinapanda polepole ndani ya handaki baada ya handaki. Hewa inayoingia kwa mdomo wa chini inapanda pamoja na treni, inausukuma moshi, na moshi unaifuata treni kama kivuli. Madereva na abiria walikuwa wakikosa pumzi. Dawa waliyoipata ilikuwa pazia. Kwenye mdomo wa chini wa handaki alikaa mtu na familia yake. Treni ikishaingia, alivuta pazia kubwa na kuuziba mdomo ule, ili upepo usiingie na moshi ubaki nyuma. Treni ikishatoka juu, analifungua. Usiku na mchana, mvua na theluji.

Niliposimama kwenye mdomo wa handaki mojawapo niliwaza zaidi habari ya mtu huyo kuliko nilivyomuwaza mhandisi. Kazi yake haikuhitaji shahada. Ilihitaji awepo. Maisha ya abiria wote wale, mawaziri kwa wakulima, yalining'inia katika kitambaa chake. Ningemjuaje mtu huyo kama njia hii ingefungwa kwa seng'enge? Kitabu kingeniambia, kweli, lakini baridi ile ya mdomoni mwa handaki, upepo unaokunyonya shati ukielekea gizani, ndiyo iliyonieleza kwa nini pazia lilihitajika. Jiografia nyingine inasomwa kwa ngozi.

Mahandaki kumi yako katika njia hii ya watembeaji, na yana taa tangu asubuhi hadi jioni. Refu kuliko yote, la sita, lina mita 546. Dari yake imepakwa masizi mpaka leo. Kuta zake ni matofali, na maji yanachuruzika kwenye maungio, yameacha michirizi myeupe ya chokaa kama machozi yaliyokauka.

Kabla ya kulifikia handaki hilo la sita, unatoka gizani ukajikuta uko angani. Ni Daraja la Tatu, ambalo watu wanaliita daraja la miwani kwa sababu ya matao yake. Matao manne, urefu mita 91, kimo mita 31 kutoka bondeni, matofali yapatayo milioni mbili. Aliyelisanifu ni Mwingereza, Charles Pownall, na hakuna daraja la matao ya matofali kubwa kuliko hilo katika Japani nzima. Abiria wa treni hawakuliona vizuri hata siku moja. Walikuwa juu yake. Mtembeaji anateremka ngazi mpaka bondeni, anasimama kati ya miguu yake na kutazama juu. Uzuri ule ulisubiri treni iondoke ndipo uonwe na wengi.

Njia inaishia Kumanotaira, kilomita zipatazo sita kutoka ilipoanzia. Palikuwa stesheni ndogo kwenye kijitambarare. Mwezi wa Juni 1950 mlima uliporomoka hapo. Kwanza ulishuka kidogo ukafunika njia, na watu wakatoka kuusafisha. Asubuhi yake ulishuka tena, mkubwa, ukawazika wafanyakazi na ukazikumba nyumba walimolala familia zao. Watu 50 walikufa. Leo pana sanamu ya mama aliyempakata mtoto. Wanaofika hapo wametokwa jasho, wamebeba chupa za maji, na karibu kila mmoja hukaa kimya kidogo kabla ya kufungua chakula chake. Nimeona makaburi mengi yenye uzio na geti ambayo hayana mtu wa kuyanyamazia. Kumbukumbu hii ya Kumanotaira ina wageni, kwa sababu kuna njia ya kuifikia.

Sasa tuseme habari ya kufa kwa reli yenyewe, maana ndani yake kuna somo la uchumi.

Mwaka 1963 reli ya meno ilistaafu, ikajengwa nyingine kando yake isiyohitaji meno ila ikisaidiwa na vichwa vya ziada vyenye nguvu. Treni zote zilisimama Yokokawa kuunganishwa na vichwa hivyo. Dakika zile chache za kusimama ndizo zilizokuwa riziki ya mji. Tangu mwaka 1958 wachuuzi wa stesheni walikuwa wanauza wali na nyama na uyoga ndani ya chungu kidogo cha udongo, cha moto, unaondoka nacho. Wazee wanaokumbuka stesheni ya Korogwe wanaelewa: treni ikisimama, mji unakula.

Kisha ikaja treni ya kasi, Shinkansen, ya kuelekea Nagano, mji ulioandaa michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi mwaka 1998. Ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1997, na njia ya Usui ikafungwa usiku wa kuamkia siku hiyo. Yokokawa, iliyokuwa mlango wa mlima, ikawa mwisho wa reli. Hakuna treni tena ya kusubiri kichwa cha ziada.

Mji ungeweza kuuza chuma, kugawa ardhi na kulia. Ulichagua jingine. Gereji ya vichwa vya treni ikageuzwa bustani ya kumbukumbu ya reli mwaka 1999. Njia ya zamani ya meno ikasafishwa, ikafunguliwa kwa watembeaji mpaka daraja la miwani mwaka 2001, ikaongezwa mpaka Kumanotaira mwaka 2012. Na chungu cha wali bado kinauzwa. Zamani mteja alisimama dakika chache akikitazama chakula kupitia dirishani. Sasa anakaa siku nzima, anarudi na njaa.

Kwingine nipite haraka. Hispania, tangu mwaka 1993, ina mpango wa kitaifa wa kugeuza reli zilizoachwa kuwa njia za kutembea na baiskeli. Mojawapo, katika milima ya Andalusia kati ya Puerto Serrano na Olvera, ina kilomita 36 na mahandaki 30, na haikupitiwa na treni hata siku moja: ilichimbwa miaka ya 1920, fedha na siasa zikakatika, ikaachwa. Vizazi viliiona kama aibu. Leo stesheni zake zinapokea wageni. Marekani, katika milima ya Cascade ya jimbo la Washington, kuna njia iliyofunguliwa kwa watembeaji mwaka 1993, inayopita pale Wellington ambapo mwezi wa Machi 1910 poromoko la theluji lilizoa treni mbili na kuua watu 96.

Lakini jambo la Marekani ninalotaka mlibebe ni la sheria. Mwaka 1983 walitunga kanuni kwamba kampuni ikiacha kutumia reli, njia inaweza kuhifadhiwa nzima kwa matumizi ya watembeaji, kwa sharti kwamba siku treni ikihitajika tena, itarudi. Ni kama kuweka akiba. Njia haifi, inalala, na wanaotembea juu yake ndio wanaoilinda usingizini.

Ndugu zangu, sasa turudi nyumbani.

Wengi wenu mmefika Sigi, kwenye lango la hifadhi ya mazingira asilia ya Amani iliyotangazwa mwaka 1997. Nyumba ya kupokelea wageni pale ilikuwa ya mkuu wa stesheni wakati wa Wajerumani. Stesheni ya nini, katikati ya msitu? Ya reli nyembamba, upana wa sentimita 75, iliyochepuka Tengeni karibu na Muheza ikapanda mpaka Sigi, kubeba mbao na kuhudumia taasisi ya utafiti ya Amani iliyoanzishwa mwaka 1902. Chuma kiling'olewa zamani. Nyumba imebaki, imetunzwa vizuri, na wanafunzi wanapiga picha barazani. Mmoja wao aliniuliza, "Mwalimu, sasa treni ilikuwa inatokea wapi?" Nilinyoosha mkono kuelekea bondeni, na nikaona kwamba mkono hautoshi. Alistahili kuonyeshwa njia yenyewe, atembee juu yake kwa miguu yake.

Ombi langu la kwanza basi ni hilo. Shule zetu za Muheza na Tanga zichukue ramani za zamani, zichukue wazee wanaokumbuka yale waliyosimuliwa na baba zao, waitembee njia ya Tengeni hadi Sigi, waichore. Wasianze na fedha. Waanze na miguu na daftari.

La pili linahusu ardhi, na hili nalisema kwa uchungu. Sote tumeona nyumba zilizopigwa alama ya X nyekundu kandokando ya reli. Familia imenunua kiwanja, imejenga kwa miaka kumi, tofali moja moja, kisha anakuja mtu na kopo la rangi. Wengi waliuziwa na watu waliowaambia, "Hapa treni haipiti tena." Njia iliyoachwa kimya inaonekana kama ardhi isiyo na mwenyewe, na anayeumia mwisho ni maskini. Njia inayotembewa kila siku haimdanganyi mtu. Hakuna atakayeuziwa kiwanja katikati ya njia wanayopita watoto wa shule, watalii na wakimbiaji. Kuigeuza reli iliyolala kuwa njia ya miguu ni kuilinda ardhi ya umma na kumlinda mwananchi kwa wakati mmoja.

La tatu ni tumaini. Reli yetu ya kaskazini ilikaa kimya miaka mingi. Wengi waliizika. Mwaka 2019 treni zilirudi kati ya Tanga na Moshi. Zilirudi kwa sababu ya fedha na nia, ndiyo, lakini zaidi ya yote kwa sababu tuta lilikuwepo, madaraja yalikuwepo, mstari haukuwa umekatika. Kama njia ingekuwa imegawanywa, tungekuwa leo tunasimuliana tu.

Namaliza. Babu yangu alistaafu kabla treni hazijasimama. Aliendelea kuamka alfajiri na kwenda relini, bila nyundo, bila bendera. Bibi alimwambia kazi imekwisha. Akajibu kwamba kazi imekwisha lakini njia haijaisha. Alipofika mahali fulani aliinama, akaling'oa gugu lililoota katikati ya mataruma, akaendelea. Nilipokuwa nakaribia mwisho wa handaki la sita kule Usui, nilimwona mzee mmoja wa Kijapani mbele yangu, mgeni kama mimi, anatembea polepole. Njiani palikuwa na tofali dogo lililobanduka ukutani. Aliinama, akaliokota, akaliweka kando ya ukuta kwa mikono miwili, akaendelea. Sikuwa na lugha ya kumwamkia. Niliinamisha kichwa, naye akainamisha chake, tukatoka wote nje kwenye mwanga.